Kengele ya Baiskeli ya Mjomba

Wimbo wetu ulipofika kwenye kiitikio, mama mmoja wa safu ya mbele alianza kukemea mapepo. Mwanzo nilidhani ameguswa, nikazidi kukaza. Kumbe anatukemea sisi. "Toka! Kwa jina la Yesu, toka!" Kidole chake kilikuwa kimenielekea mimi na gitaa langu. Mpiga dramu wetu, ambaye akishaanza kupiga hasikii hata akiitwa, aliona watu wanasimama akajua mambo yamenoga, akaongeza kasi.

Lilikuwa kesha la vijana huko Kisauni, mwaka 2011, kama saa saba za usiku. Kanisa la mabati, feni tatu, inayozunguka moja. Kabla yetu kina mama walikuwa wameimba mapambio mpaka vumbi la sakafu likapanda. Halafu tukaingia sisi, vijana watano wa timu ya sifa, fulana nyeusi kila mtu, na wimbo wa Kiingereza unaosema kwamba ndani yangu anaishi mtu ninayemwogopa. Hatukuumaliza. Stima ilizimika, na safari hiyo haikupotea yenyewe: mzee mmoja wa kanisa alikwenda kwenye swichi kubwa akaishusha kwa mkono wake, akavuta kiti, akakaa chini ya ile swichi mpaka alfajiri.

Juzi kijana anayejifunza besi kwangu ameniuliza kama ni halali Mkristo kupiga muziki wa giza. Nikaanza kumjibu kwa ujumbe wa sauti, dakika nne zikapita sijafika popote, nikaufuta. Namjibu hapa.

Ugonjwa wenyewe niliupata kwa flashi. Mwaka 2010 nilikuwa nikisomea umeme chuoni, na jioni nikishinda kwenye saiba moja ya Mwembe Tayari ambako rafiki yangu alikuwa akitengeneza kompyuta. Alinijazia nyimbo za injili za kunitosha mwezi mzima, na katikati yake, bila mimi kuomba, akatia folda ya bendi iitwayo RED. Nilianza kuisikiliza ndani ya matatu, daraja la Nyali limejaa magari, jua la saa kumi likinipiga shavuni. Tulikaa pale juu ya daraja muda mrefu, na kwa mara ya kwanza maishani sikuona ubaya wa foleni.

RED ni bendi ya Nashville, Marekani. Ndugu wawili mapacha, Anthony na Randy Armstrong, mmoja gitaa mwingine besi, na Michael Barnes ndiye mwimbaji. Albamu ile, Innocence & Instinct, ni ya pili kwao, na ilitoka Februari 2009. Walichota mawazo kwenye Inferno, ile sehemu ya utenzi wa Dante, Mtaliano wa karne ya 14, ambamo mtu hai anateremshwa jehanamu duara baada ya duara, tisa zote. Violini zinalia kama za filamu, mara gitaa zinaziangukia kama ukuta, mara Barnes anatoka kwenye kunong'ona hadi kupiga mayowe ambayo mwanzoni nilidhani ni kasoro ya flashi. Wimbo wa kwanza unaitwa Fight Inside. Vita vya ndani.

Hilo neno "ndani" ndilo lililonikamata. Kanisani kwetu giza lilikuwa mali ya watu wengine. Giza lilikuwa majini ya baharini, lilikuwa mchawi, lilikuwa jirani wa nyumba ya pili mwenye hirizi mlangoni, lilikuwa roho za ukoo wa babu ambaye hata picha yake hatuna. Sibishani na hayo. Mtu amezaliwa Pwani atayakanaje? Lakini miaka yote ile sikumbuki mtu amesimama akasema: hili giza ni langu, nimelilea mwenyewe, na Jumapili nalifunika kwa shati jeupe. Mimi nilikuwa nalo. Nilikuwa na chuki na mtu wa nyumbani kwetu ambayo sitaieleza hapa, na kila nilipoipeleka kuombewa iliondoka kwa kelele na kurudi kimyakimya kabla sijafika stejini. Sasa hawa watu wa Nashville, Wakristo, wanaimba kwamba adui ameketi ndani ya kifua chao, halafu wimbo unaisha bila mtu kuitwa mbele kuwekewa mikono.

Baadaye nilizisoma habari zao. Mwaka 2007 walipata ajali ya gari wakiwa kwenye ziara, mpiga dramu wao akaumia bega, na mwishowe akaacha bendi. Kwenye albamu wameuweka pia wimbo wa Duran Duran, bendi ya Uingereza isiyo na habari na mambo ya kanisa, uitwao Ordinary World, wa mtu anayejaribu kuishi siku za kawaida baada ya kuondokewa. Wimbo huo mmoja ulileta ugomvi kwenye timu yetu kuliko jehanamu yote ya Dante. Mpiga kinanda wetu aliuliza, "Wimbo wa dunia kwenye albamu ya wokovu?" na wiki mbili hakuja mazoezini.

Sasa, kupiga roki Mombasa. Roki ya Kenya ina wenyewe, na wenyewe wako Nairobi. Huku kwetu ukisema gitaa, watu wanasikia la bango au la chakacha, miziki yetu ya Pwani. Halafu kuna hewa. Nyuzi za chuma hapa hazidumu; chumvi ya bahari inazila ukiwa umelala. Nilikuwa nazifuta kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, na ndani ya mfuko wa gitaa natupia vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, nimewaomba wauza viatu wa Kongowea mpaka wakanijua. Bado, mwezi haujaisha, ukipitisha kidole kwenye uzi mnene unakuta ukavu kama wa magamba ya samaki, na ncha ya kidole inatoka na rangi ya kahawia. Kutu hiyo haitoki kwa sabuni. Inatoka kwa ndimu.

Dramu zilikuwa Likoni kwa mpigaji mwenyewe. Kila mazoezi tulizivusha kwa feri kwenye mkokoteni, na kila mara mtu alituuliza arusi iko wapi.

Baada ya lile kesha tuliitwa ofisini kwa mchungaji, Jumanne jioni. Mchungaji wetu ni Mgiriama, mtu wa maneno machache. Wazee walikuwa watatu, na yule wa swichi alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa nimejiandaa kama wakili. Nilikwenda na Biblia imetiwa alama kwenye Zaburi 88, nikawaeleza. Zaburi nyingi za maombolezo, niliwaambia, zina kona: mtu analia, analia, halafu mahali fulani anakumbuka wema wa Mungu na kuanza kushukuru. Hii ya Hemani Mwezrahi haina kona. Mistari 18, na mstari wa mwisho unatuacha gizani. Hakuna asante hapo, wala amina. Na imo ndani ya Biblia, hakuna aliyeizimia stima. (Nilisema hivyo, mbele ya mwenye kuzima stima. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu.)

Mchungaji alisikiliza mpaka nikamaliza. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Mwanangu, zaburi hii mimi niliisoma nimesimama kando ya kaburi la mtoto wangu wa kwanza. Wewe umeisomea wapi?"

Nikasema: "Kitandani, Mchungaji."

Yule mzee wa swichi akacheka. Wengine hawakucheka. Mchungaji akarudisha miwani, akasema hatupigi marufuku, ila tusipande madhabahuni na kitu cha kuazima. "Siku mkiwa na chenu, njooni mtuimbie." Nilitoka pale nimenuna. Nilidhani ametufukuza kwa adabu.

Tukaendelea hivyo hivyo, kwa kiburi. Mwaka 2012 tulikuwa na nyimbo saba, zote za Kiingereza, zote moto, minyororo na vivuli. Hakuna mmoja wetu aliyewahi kuona mnyororo isipokuwa wa baiskeli na ule wa mbwa wa getini. Tulirekodi majaribio manne kwenye chumba cha rafiki, na amplifaya ikaungua.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja Mji wa Kale, upande wa Kibokoni. Mzee wa kofia ya vito, chumba chake hakina nafasi ya kuweka mguu kwa redio za kale. Alipoitengeneza alitaka kuijaribu, akaniomba nimpe chochote cha kupiga. Nikampa simu yenye yale majaribio yetu. Akasikiliza wimbo mzima, kichwa amekiinamisha, bisibisi mkononi. Nikajua atasema ni kelele.

"Hapa mwalilia nini, babangu?"

Nikamweleza: ni habari za jehanamu, za mtu na nafsi yake. Nikamtajia Dante. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyetajiwa fundi mwenzake wa mji wa mbali. Halafu akaniuliza kama naijua Al-Inkishafi, ule utenzi wa kale. Nikamwambia tuliigusa shuleni, kwa ajili ya mtihani. Hapo ndipo aliponisikitikia kweli. Akaanza kuisoma, kwa moyo, bila kitabu, kwa ile sauti ya kuvuta, huku amplifaya yangu ikivuma chini yake. Sikuelewa kila neno. Ni lugha ya zamani ya Pate, kisiwa cha huko Lamu. Lakini alikuwa akisimama na kunifasiria.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyeitunga, anausemesha moyo wake mwenyewe. Moyo wangu, mbona huzinduki? Anauonyesha majumba ya Pate yalivyokuwa, taa, watumishi, mazulia, na yalivyo sasa: yale madaka ya ukutani yaliyokuwa ya kupangia sahani za kigeni yamekuwa malalo ya ndege. Anawauliza wenyewe wako wapi, anawataja jamaa zake waliokwisha kwenda. Moto wenyewe, na majina ya jehanamu moja baada ya moja, unakuja mwishoni kabisa.

"Waona?" fundi akasema. "Moto ameuweka mwisho. Ameanza na nyumba alizozijua, za watu aliokula nao. Nyinyi mwaanza na moto. Moto wa nani?"

Nikamlipa shilingi mia nane. Nilitembea kutoka pale mpaka Marikiti bila kupanda kitu. Watu wawili, mchungaji wa Kigiriama na fundi Mwislamu wa Mji wa Kale, hawajuani, na wamenipiga mahali pamoja. Nilikuwa nimepewa na ile albamu ruhusa ya kusema giza langu, na badala ya kulisema nimekwenda kunakili giza la Nashville, ambalo nalo lilikuwa limepitia Italia kabla ya kunifikia.

Cha kwanza tulichobadilisha ni lugha, na hapo nilikutana na kazi ambayo hakuna aliyenionya. Kiswahili kinakataa kuvaa nguo ya roki ya Kiingereza. Kiingereza kina maneno ya silabi moja, unaweza kumaliza mstari kwa pigo moja zito kama mlango unaofungwa. Kiswahili mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho. Ukilazimisha pigo liangukie mwisho unapata "gizaa" badala ya "giza", na msikilizaji anacheka mahali ambapo ulitaka alie. Tulihangaika miezi. Kilichotuokoa ni utenzi wa kawaida kabisa, mizani nane kila mstari, mistari mitatu ina kina kimoja na wa nne unabeba kina cha shairi zima. Ukiupiga polepole, dramu mapigo manne na besi inatembea chini, unakaa kana kwamba ulizaliwa humo. Gitaa likabidi lipunguze maneno. Mimi mwenyewe nilichelewa kukubali hilo, kwa sababu gitaa ni langu.

Cha pili kilikuwa kutafuta cha kuimba. Na hicho nilikuwa nimekaa nacho nyumba moja miaka yote.

Mimi nilizaliwa Mtongwe. Tulihamia Kisauni nikiwa na miaka sita, kwa sababu mama alisema hakai tena upande wa kuvuka kwa feri. Tarehe 29 Aprili 1994, siku ya Ijumaa, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuo na watu 272 wakafa. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa humo. Nyumbani habari hiyo haikuwa na wimbo wala hadithi. Kila mwaka Aprili ikikaribia kwisha mama anafua mapazia, yote, hata yaliyo safi, na sisi tulijifunza kutomsemesha siku hiyo. Kanisani anaimba kila kitu, ila pambio lolote lenye maji, mawimbi au mashua, linamkuta ameinama anatafuta kitu kwenye mkoba.

Nilimfuata jikoni jioni moja. Alikuwa anakuna nazi, amekaa kwenye mbuzi, ananipa mgongo. Nikamwambia nataka kutunga wimbo wa mjomba, na sitautunga bila yeye kunikubalia. Aliendelea kukuna. Kifuu kikaisha, akachukua cha pili. Nikaona nimekosea, nikageuka.

"Baiskeli yake ilikuwa na pancha," akasema.

Mjomba alikuwa na baiskeli nyeusi. Kila asubuhi aliiendesha hadi ferini, akaiacha kwa mwuza chai, akavuka. Alhamisi usiku alimwomba mama shilingi kumi za kuzibia pancha. Mama alikuwa nazo, zimefungwa kwenye pindo la leso. Alimwambia ngoja kesho jioni, kwa sababu kabla ya hapo alikwishamkopesha mara mbili na hajarudishiwa, na alitaka amtie adabu kidogo. Kesho yake mjomba akaenda kwa miguu. Kama angekuwa na baiskeli angewahi safari iliyotangulia.

"Watu husema ni mpango wa Mungu," mama akasema, bado ananipa mgongo. "Mimi nasema ni shilingi kumi."

Miaka kumi na tisa. Maombi ya kufunga, makesha, wahubiri wa kutoka nje wenye spika za kutingisha mabati, wote wamepita na kukemea majini ya Bahari ya Hindi, na hakuna hata mmoja aliyeziona zile shilingi kumi kwenye pindo la leso. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiimba vita vya ndani mwaka wa tatu sasa, kwa Kiingereza, hatua sita kutoka kwake.

Nilivuka kwenda kwa bibi Jumamosi iliyofuata. Baiskeli ipo, imeegemea ukuta wa nyuma chini ya mwembe. Hakuna aliyeiendesha tangu siku ile, wala aliyethubutu kuiuza. Matairi yameoza yakabaki nyuzi. Mnyororo umekuwa kitu kimoja, kama mfupa. Nilipoishika ile kengele ya kwenye usukani, kile kikombe cha juu kilikuwa bado kinang'aa mahali pamoja tu, pale dole gumba lake lilipokuwa likikaa. Nikasukuma kijiti chake. Haikulia. Ilitoa sauti ya kukwaruza, krrk, kisha chini yake, kwa mbali, mlio mwembamba sana ambao ulibidi nisogeze sikio kuusikia. Nikamwomba bibi niifungue. Akanipa kisu cha jikoni na kusema niirudishe.

Tulirekodi Januari 2014 chumbani kwa rafiki huko Bamburi, trei za mayai ukutani, magodoro mlangoni. Ni msimu wa kaskazi, na feni haiwezi kuwashwa kwa sababu mikrofoni inaisikia, kwa hiyo tulipiga vifua wazi, na baada ya kila wimbo tunatoka kukamua fulana tulizojifutia jasho. Ratiba tuliipanga kwa adhana ya msikiti wa jirani. Hilo halikutusumbua, tulizoea hata ikawa ndiyo saa yetu ya kunywa maji. Waliotusumbua ni kunguru. Mtu asiyeishi Mombasa hajui kunguru ni nini. Wimbo wa mjomba tulianza na kengele peke yake, mikrofoni imesogezwa karibu kama kidole kimoja, krrk, kimya, krrk. Kwenye rekodi ya nne, iliyotoka vizuri kuliko zote, kunguru akalia dirishani mara mbili. Rafiki yetu alitaka kumfuta kwa kompyuta. Tukabishana nusu saa. Kunguru yumo.

Ubeti wa kwanza ni huu:

Kivuko kimeondoka
Bado mjomba kushuka
Kutu kengele yashika
Nani atanijibia

Sikutia jina la Mungu kwenye wimbo ule hata mahali pamoja. Mpiga kinanda, ambaye siku hizo alikwisharudi, aliuliza kama kweli huo ni wa Kikristo. Nikamwambia asome tena mstari wa nne, ajiulize unamuuliza nani.

Nyimbo nyingine za albamu nitazipita haraka. Moja ni ya kengele kubwa ya Frere Town, ile ya Waafrika walioachiliwa utumwani waliokaa pale tangu 1875, ambayo imebakisha jina lake kwenye steji ya Kengeleni na makondakta wanaliita siku nzima bila kujua wanaita nini. Ni wimbo mzuri lakini mrefu mno, na kosa ni langu. Moja ni ya ile chuki yangu. Hiyo siipigi tena hadharani, kwa sababu mhusika sasa tunasalimiana. Mbili za Kiingereza tulizibakisha humo kwa sababu mpiga besi alizipenda, na ukizisikia utazijua. Tulichoma sidii mia moja, tukauza kama arubaini, nyingine tuligawa, na boksi la mwisho liliharibika kwa unyevu chini ya kitanda changu.

Nilikwenda kwa mchungaji na sidii mkononi. Hakuwa na cha kuichezea ofisini, ikabidi tukakae kwenye gari la mzee mmoja, na mzee mwenyewe alikuwa ni yule wa swichi. Wakasikiliza wimbo wa mjomba madirisha yamefungwa, joto la kufa mtu. Ulipoisha mchungaji akaomba urudiwe. Mzee akaurudia. Hakuna aliyesema kitu kuhusu roki. Mzee alisema tu kwamba yeye siku ile ya feri alikuwa amechelewa kuamka.

Tuliuimba Jumapili ya mwisho ya Aprili, baada ya mahubiri. Sikuona watu wakianguka wala wakipiga kelele. Walikaa. Ulipoisha hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyejua kama apige, na mchungaji hakuharakisha kuja kwenye mikrofoni kutuondolea uzito ule. Aliuacha. Ndiyo dakika ndefu kuliko zote nilizokaa kanisani, na nimekaa makesha mengi. Nje baadaye yule mama aliyetukemea mwaka 2011 alinishika mkono, akanitazama sana, akasema, "Maneno ni mazuri, mwanangu. Lakini hilo gitaa bado lina kelele." Nikamwambia shikamoo, mama, nitalipunguza. Sijalipunguza.

Kwa hiyo wewe uliyeniuliza: zile za Nashville zisikilize, nyingi zake bado nazipenda, na Ordinary World naipiga peke yangu stima ikipotea. Ila ukija kwangu na wimbo wa moto na minyororo nitakuuliza kama alivyoniuliza fundi. Na usinijibu siku hiyo hiyo.

Jumapili ile tuliyouimba, mama alikuwa amekaa safu ya nne. Hakuutafuta mkoba. Tulirudi naye nyumbani kwa tuktuk, amenyamaza njia nzima, na tulipofika mlangoni akasimama na funguo mkononi.

"Ile kengele umemrudishia bibi?"

Nikamwambia bado, ningeirudisha wiki hiyo, na kwamba nilikuwa nafikiria kwanza kuisafisha, niipake mafuta kidogo ilie.

"Usiipake," akasema. Akafungua mlango. "Irudishe ilivyo. Na siku ukienda, niambie. Tutavuka pamoja."